Fani ya Tope

Mchoro wa mashapo una desturi moja inayomsumbua kila anayekutana nao mara ya kwanza: wakati unashuka. Juu kabisa ni mwaka ambao bomba lilizamishwa ziwani na kutolewa likiwa na nguzo ya tope ndani yake; chini kabisa ni miaka ambayo hakuna aliyeiandika. Mstari wa risasi au wa zebaki unaanzia huko chini, unapanda wima bila kuyumba, halafu karibu na kichwa cha ukurasa unapinda kulia na kukimbia. Msomaji aliyezoea kuanzia juu hukutana na hukumu kwanza, ndipo ashuke kutafuta kosa. Darasani tungeuita msuko rejea. Tofauti ni kwamba hapa mpangilio haukuchaguliwa na mtu: tope la jana hukaa juu ya tope la juzi, na mtafiti anauheshimu utaratibu huo hata akifika kwenye karatasi.

Tumefundishwa kutenganisha fani na maudhui, kisha tukaonywa kwamba haviachani. Katika habari za uchafuzi wa bahari na maziwa onyo hilo husahaulika upesi. Gazeti linachukua maudhui, kwamba risasi imefika kiasi fulani cha miligramu kwa kilo ya tope, na kuiacha fani mezani kwa mtafiti. Nami nashikilia kwamba tuhuma haikai kwenye namba ya metali hata kidogo. Inakaa kwenye kile ambacho namba hiyo imegawanywa nacho, kwenye mahali hadithi ilipoanzishiwa, na kwenye saa iliyotumika kupanga matukio. Badilisha kimojawapo na mto ule ule utatoka mahakamani huru, au utafungwa.

Wahusika wa maandishi haya ni wa aina mbili, na inafaa kuwatambua kabla ya lolote. Wapo wageni na wapo wenyeji. Mgeni ni kitu ambacho maumbile hayakitengenezi, au hayakitengenezi kwa kiasi kinachohesabika: DDT, plutoniamu ya mabomu, na zile chembe za masizi zenye umbo la tufe zinazozaliwa makaa ya mawe au mafuta mazito yanapochomwa kwa joto kali la mitambo. Moto wa msituni nao hutoa masizi, lakini si ya umbo hilo. Neil Rose wa University College London amezihesabu chembe hizi katika maziwa ya pande nyingi za dunia kwa miaka mingi, na mchoro wake una tabia inayojirudia: zinaanza kuonekana katika karne ya 19, kisha katikati ya karne ya 20 zinapanda kwa ghafla. Mgeni akishaonekana, mjadala wa kama binadamu alihusika umefungwa. Yamebaki maswali ya lini na kiasi gani.

Wenyeji ndio wenye shida. Risasi, zinki, shaba, nikeli, kromi na zebaki vimo ndani ya miamba tangu zamani, na hakuna tope duniani lisilo na risasi. Mwenyeji hashtakiwi kwa kuwapo bali kwa kuzidi, na huwezi kusema kitu kimezidi bila kutaja kimezidi nini.

Hapo ndipo kigawanyo kinapoingia. Metali hupenda kujishika kwenye chembe laini za mfinyanzi kuliko kwenye punje za mchanga. Chota tope kwenye mikoko, kisha chota mchanga hatua mia moja kuelekea baharini. La kwanza litaonekana limechafuka hata kama ukanda mzima hauna kiwanda. Kuondoa hadaa hiyo, watafiti huigawanya metali kwa alumini, kwa sababu alumini hufuatana na mfinyanzi na ni nyingi mno ardhini kiasi kwamba ile iliyoongezwa na watu haionekani. Kisha uwiano huo unagawanywa tena kwa uwiano kama huo wa tope linalodhaniwa kuwa safi. Jibu likiwa 1, hakuna kilichoongezwa. Likiwa 5, kuna mtu wa kuhojiwa. Ni fani ya sehemu juu ya sehemu, na uzito wote wa kesi umeegemea ile iliyoko chini.

Sasa tope safi linatoka wapi? Kwa zaidi ya nusu karne watafiti wengi wamelitoa kwenye jedwali. Mwaka 1961 Karl Turekian na Karl Hans Wedepohl walichapisha wastani wa elementi katika miamba mbalimbali ya dunia, ikiwamo miamba iliyotokana na tope la kale. Kwa miamba hiyo ya tope waliandika risasi miligramu 20 kwa kilo, shaba 45, nikeli 68, kromi 90, zinki 95. Ni jedwali zuri, na limetumika kila pembe, hata pale lisipofaa. Tazama safu ya pembeni, ya basalti: nikeli 130, kromi 170, na alumini karibu ile ile, asilimia 8 hivi. Chukua mto wa kubuni unaoshuka kutoka nchi ya basalti, na Bonde la Ufa letu lina basalti ya kutosha. Tope lake likigawanywa kwa mwamba tope wa wastani, nikeli na kromi zitatoka karibu mara 2 kabla hajazaliwa mtu wa kwanza kuishi ukingoni. Baadhi ya waandishi huhesabu chochote kilichovuka 1.5 kuwa kina mkono wa binadamu. Kwa kipimo hicho volkano itakamatwa na kiwanda cha ngozi kitaponea hapo hapo, maana msomaji akishaambiwa mto mzima umechafuka hatauliza tena ni tone gani lilitoka wapi.

Müller wa Heidelberg, katika fahirisi yake ya uchafuzi wa tope ya mwaka 1969 ambayo bado inanakiliwa kila mwezi, alikizidisha kigawanyo kwa 1.5 ili kutoa nafasi kwa tofauti za kawaida za miamba. Naipenda hiyo 1.5. Ni shaka iliyoandikwa waziwazi ndani ya kanuni, ambapo wengine wangeificha kwenye tanbihi. Kinachoniudhi ni namna inavyorudiwa na watu ambao hawajawahi kuuliza kama miamba ya kwao inatofautiana kwa kiasi hicho au kwa mara tatu yake.

Kuna mahali, ni kweli, ambapo hesabu hizi zote ni anasa. Katika ghuba ya Minamata, Japani, mpaka uliowekwa wa tope la kuondolewa ulikuwa zebaki miligramu 25 kwa kilo, na lililokuwa juu ya hapo lilikuwa la kutosha kuwapa watu kazi ya kulichimba na kulifukia kuanzia 1977 hadi 1990. Jedwali la 1961 linataja 0.4. Tofauti ya zaidi ya mara 60 haimngojei mtaalamu wa miamba. Lakini kesi nyingi si Minamata. Nyingi ziko kati ya mara 1.5 na mara 3, na ndani ya pengo hilo jembamba fani ndiyo inayoamua.

Dawa inayopendekezwa ni kuliacha jedwali na kutumia sehemu ya chini ya nguzo yenyewe: tope la mahali pale pale, kabla ya viwanda. Hii ni fani bora zaidi, kwa sababu mto unashindanishwa na nafsi yake. Ila inadai nguzo ndefu. Katika mkondo ambao tope hujaa kwa sentimita 1 kila mwaka, nguzo ya sentimita 30 inaanza miaka 30 iliyopita. Kama dampo lilikuwa limekwisha kuota ukingoni wakati huo, basi chini ya mchoro si mwanzo. Ni sura ya kati iliyovikwa jina la utangulizi. Mstari utapanda wima, umetulia, na ripoti itasema hali haijabadilika. Hakuna namba iliyodanganya hapo. Hadithi imeanzishwa kwa kuchelewa, basi.

Na nani anajua chini ni lini? Saa ya mashapo ni risasi nyingine, isotopu ya 210, ambayo si ya viwandani. Urani iliyomo miambani huoza hatua kwa hatua hadi kuwa gesi ya radoni, gesi hupenya kwenda hewani, hewani inageuka kuwa risasi-210, mvua inaishusha. Ikishazikwa ndani ya tope hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Ukipima kilichobaki unapata umri, mpaka miaka 100 au 150 nyuma, ambapo imepungua kiasi cha kutopimika tena. Yaani saa hii ina urefu unaolingana karibu kabisa na kipindi cha mtuhumiwa wetu, na inanyamaza pale ambapo tungetaka kujua hali ilikuwaje kabla yake. Saa ya pili ni sesiamu-137 ya majaribio ya mabomu, ambayo kilele chake kiko mwaka 1963, mwaka ule ule wa mkataba wa kuzuia majaribio ya angani. Watafiti waangalifu hudai saa hizi mbili zikubaliane. Wasio waangalifu huchapisha moja.

Baharini kuna mhariri ambaye hakualikwa. Minyoo na kaa hulichimba na kulipindua tope la juu, na kwa wastani kina chao cha kazi ni karibu sentimita 10. Pale ambapo tope hukua kwa milimita 1 kwa mwaka, sentimita hizo 10 ni karne nzima iliyokorogwa pamoja. Kilele kikali cha 1963 kinageuka kilima chenye mabega mapana, na risasi ya leo inakutwa imelala na mifupa ya samaki wa enzi za babu. Mchoro laini sana kutoka baharini unaniogopesha kuliko wenye makunyanzi.

Ndiyo maana watu wa fani hii hupenda sana maziwa yasiyo na minyoo, na lililopendwa kuliko yote ni Ziwa Crawford, karibu na mji wa Milton katika jimbo la Ontario, Kanada. Ni kiziwa cha hekta 2.4 chenye kina kinachokaribia mita 24, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Kila kiangazi maji ya juu yakipata joto, chokaa nyeupe hujitenga na kutua. Baadaye hufuata tabaka jeusi la mabaki ya viumbe. Mwaka mmoja, mishororo miwili, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Kulichukua tope hilo bila kulivuruga, watafiti huteremsha bapa la metali lililojazwa barafu kavu na alkoholi, na tope hugandia usoni mwake. Ukiliona likiwa limesafishwa unaelewa kwa nini wanalisema kwa sauti ya washairi wa arudhi: hakuna ubeti uliopungukiwa mizani.

Julai 2023 kikosi kazi cha Anthroposini kililichagua ziwa hili kuwa mahali pa kuweka alama ya kuanza kwa enzi ya kijiolojia ya binadamu, alama yenyewe ikiwa plutoniamu na mahali pake ni karibu mwaka 1950. Machi 2024 kamati ndogo inayosimamia kipindi cha Kwatenari ililikataa pendekezo kwa kura 12 dhidi ya 4, wawili wakijizuia. Nadhani walikataa kwa haki, na sababu yangu ni ya kifani. Hakuna aliyeshuku kwamba plutoniamu imo. Lakini nguzo ile ile, chini zaidi, ina chavua ya mahindi, iliyogunduliwa miaka ya 1970 na kuwapeleka wanaakiolojia kwenye kijiji cha nyumba ndefu cha wakulima walioishi kando ya ziwa karne kadhaa kabla ya Wazungu kufika. Binadamu ameshaingia jukwaani, amelima, amelirutubisha ziwa, ameondoka, na msitu umerudi. Kisha unaombwa uweke mstari na kuandika "mwanzo" juu yake, katikati ya sura ya pili. Mgeni asiyepingika alichaguliwa kwa sababu ni rahisi kumwona, na kwa wepesi huo mwenyeji wa zamani akafutwa kwenye orodha ya wahusika.

Wasweden walikuwa wameonyesha namna nyingine. Katika miaka ya 1990 Ingemar Renberg wa Umeå na wenzake walisoma risasi katika maziwa ya Sweden bila kutegemea kiasi peke yake. Walitazama uwiano wa isotopu 206 kwa 207. Risasi ya asili ya udongo wa huko ina uwiano wa karibu 1.5, risasi iliyochimbwa na kuyeyushwa Ulaya iko chini ya 1.2. Kigawanyo hapa hakikukopwa kwenye jedwali. Kimo ndani ya metali yenyewe, na kinasema ilikotoka. Kwa fani hiyo walikuta uchafuzi wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wa migodi ya enzi za Wagiriki na Warumi, uliosafiri kwa upepo mpaka maziwa yasiyo na mji. Mstari unapanda tena Zama za Kati, unafika kileleni miaka ya 1970, halafu unarudi kushoto, petroli yenye risasi inapoachwa. Mkunjo huo wa kurudi kushoto karibu na kichwa cha ukurasa ni habari njema, na unastahili kukumbukwa kwa umbo lake, kwa sababu sasa nataka kuuweka kando ya mwingine.

Mwaka 2002 Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake, akiwamo Robert Hecky, walichapisha usomaji wao wa mashapo ya Ziwa Victoria. Kati ya maandishi yote ya aina hii ninayoyajua, hili ndilo lenye msuko wa kukumbukwa, ingawa halina mishororo myeupe na myeusi. Mhusika mkuu si sumu. Ni uhai uliozidi: mwani unaolishwa na rutuba ya udongo na majivu inayoingia ziwani. Alama yake mojawapo ni silika ya dayatomu, mwani mdogo wenye gamba la kioo. Kuanzia miaka ya 1930 uzalishaji wa mwani unaongezeka, sambamba na watu na mashamba kuongezeka katika bonde. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya kina yanaanza kupoteza oksijeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sayanobakteria, wale wanaofanya maji kuwa kama rangi ya kijani iliyomwagika, wanatawala, na sehemu ya dayatomu inapungua.

Dayatomu zinapungua: mkunjo unarudi kushoto. Kwa aliyetoka kusoma mchoro wa Sweden, ziwa limeanza kupona. Kumbe dayatomu zilikuwa zimestawi mno kwa nusu karne, zikafa, zikazama na magamba yao, mpaka silika iliyoyeyuka majini ikawa inaisha kwa misimu. Zimepungukiwa na malighafi. Nafasi yao ikachukuliwa na sayanobakteria wasiohitaji kioo. Michoro miwili yenye umbo moja, mmoja ni wa mgonjwa anayepata nafuu na mwingine wa mgonjwa aliyeishiwa damu. Hakuna kitu ndani ya mstari wenyewe kinachotofautisha. Lazima usome mstari wa jirani.

Nguvu ya pili ya andiko hili iko kwenye mfuatano. Ukanda wa ziwa una kisa chake kinachojulikana: sangara, au mbuta kama waitwavyo upande wa Kenya, waliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakalipuka miaka ya 1980, wakawala furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, ziwa likaharibika. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza, ilimkaza samaki huyo katika nafsi ya jini. Mashapo hayamwondolei sangara hatia ya kuwala furu. Yanachokataa ni kumpa nafasi ya kwanza katika msuko. Mwani ulianza kuongezeka miongo miwili kabla ya kuletwa kwake, na oksijeni ya chini ilianza kupotea miongo miwili kabla hajalipuka. Furu wa maji ya kina huenda walikuwa wamekwisha kunyang'anywa makao alipowafikia. Mhusika aliyedhaniwa chanzo anashushwa hadi sura ya nne, na kilichomshusha ni tarehe tu.

Silika inafaa kwa kazi hii kwa sababu gamba la kioo halitembei kirahisi ndani ya tope. Fosforasi, ambayo ndiyo mbolea yenyewe na ungetarajia iwe shahidi mkuu, ni msimulizi asiyeaminika. Tope likikosa oksijeni, chuma kilichoishikilia huyeyuka, nayo huachiliwa na kupanda mpaka inakamatwa tena karibu na uso. Mrundo wa fosforasi juu ya nguzo unaweza kuwa wa mwaka huu au wa miaka 40 iliyopita uliopanda ngazi. Mabaki ya viumbe nayo huwa mengi juu katika takriban kila nguzo, kwa sababu hayajapata muda wa kuoza.

Mmomonyoko una hila yake pia. Tuseme tope la zamani lilikuwa na risasi miligramu 40 kwa kilo, likitua gramu 200 kwa mita ya mraba kila mwaka: hiyo ni miligramu 8. Vilima vikifyekwa, udongo unaotua unafika gramu 800, na risasi ndani yake inashuka hadi 30 kwa kilo. Mchoro wa kawaida utaonyesha nafuu. Ukizidisha kwa kasi ya kutua utapata miligramu 24 kwa mwaka, mara tatu ya zamani. Nchi ambazo milima yake inapoteza udongo kila masika hazipaswi kuruhusu ripoti yoyote ichapishwe na mchoro wa kwanza bila wa pili.

Udhaifu wa maandishi ya Ziwa Victoria ni kwamba ni ya maji ya wazi, mbali na ufuo, na kilichoandikwa huko ni jumla ya kila mto na kila moshi wa bonde. Kinajua miaka ya 1930. Hakijui kata wala mfereji. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, zilizopandisha ziwa zaidi ya mita 2, zimekaa kwenye kipande kile kile ambacho oksijeni inaanza kupotea, na hakuna namna ya kuzichomoa kabisa. Kwa mtuhumiwa wa karibu unahitaji ghuba: Winam, Mwanza, au ghuba ya ndani ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo unapeleka maji taka ya Kampala upande ule ule ambao mitambo ya Ggaba inachota maji ya kunywa. Huko yuko mgeni wa kutafutwa, koprostanoli, ambayo hutengenezwa na bakteria wa utumbo kutokana na kolesteroli na kutoka na kinyesi. Ikionekana nyingi, hakuna haja ya kugawanya kwa alumini. Lakini maji ya ghubani ni ya kina kifupi, upepo hulikoroga tope, na sesiamu hutawanyika mpaka kilele chake hakionekani. Kwa hiyo nikipewa ripoti ya ghuba inayotaja mwaka kamili ambao uchafuzi ulianza, sitazami kwanza mstari wa koprostanoli. Natafuta kama wamechapisha mchoro wa sesiamu, na kama kilele cha 1963 kimo.